Walimu wenye maradhi ya MS wapangiwe mkondo wa asubuhi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, pamoja na walimu wakuu wa Unguja na Pemba.

Nasomesha hesabu katika skuli moja hapa Chake Chake. Mwaka jana jicho la kushoto lilianza kuuma kila nikiligeuza, na rangi nyekundu nikawa naiona imepauka. Baadaye miguu ikaingia ganzi. Nyumbani wakahisi nimechezewa, nikanyweshwa kombe. Dua naendelea nazo mpaka leo. Kipimo cha MRI nilichofanyiwa Dar es Salaam kilionesha maltipo sklerosisi (MS), yaani kinga ya mwili inashambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Maradhi haya hayaambukizi. Huwapata zaidi wanawake, na mara nyingi huanza baina ya miaka 20 na 40, umri wa kazi na wa kulea.

Dawa za kupunguza mashambulizi zipo, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu katika orodha yake ya dawa muhimu. Kinachonitesa kila siku ni joto. Mwili ukipanda joto kidogo tu, neva iliyoharibika utando hushindwa kupitisha ujumbe sawasawa. Daktari wa Kijerumani, Wilhelm Uhthoff, aliliandika jambo hili mwaka 1890. Sasa nifikirie mkondo wa jioni, kaskazi imekaza, paa la bati, watoto wamejaa hadi mlangoni. Maandishi ubaoni yananififia na chaki inaniponyoka. Nikikaa kivulini nikajimwagia maji, baada ya muda narudi hali yangu. Wanaoniona asubuhi natembea vizuri, kisha mchana nimejikalia, husema najitia ugonjwa. Linaniumiza sana hilo.

Kusomesha bado nakuweza na nakupenda, siombi kuondolewa darasani. Naomba mwalimu mwenye cheti cha daktari apangiwe mkondo wa asubuhi, darasa lisilo ngazi, na kiti karibu na ubao. Mpanga ratiba anaweza kuyafanya haya bila kusubiri bajeti.

Nanyi wenzangu mliopewa jibu kama langu mkalificha, mwambieni mwalimu mkuu mapema kabla ya kaskazi kuingia. Ratiba ikishabandikwa ukutani, kuibadilisha ni shida.

Mwalimu,
Chake Chake, Pemba