Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Picha za Wadudu na Reptilia Msimu wa Masika, Amani

Ndugu Wanachama,

Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji, naomba kuwasilisha taarifa ya mwaka, ambayo kwa sehemu kubwa inahusu kazi yetu ya masika katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, wilayani Muheza. Hesabu za fedha zitasomwa na Mweka Hazina.

Mvua za Machi hadi Mei ndizo zinazotupa wadudu wengi, na walipo wadudu, mijusi na vinyonga hawako mbali. Mvua ikikatika jioni, kumbikumbi hutoka ardhini kwa wingi, na mpigapicha aliyewahi kukaa karibu na kichuguu huwapata wakiwa na mabawa yao yote manne, kabla hawajayapukutisha.

Hata hivyo, kazi bora za msimu huu zimetokana na matembezi ya usiku, tukiongozwa na waongozaji wa hifadhi. Mchana, kinyonga mwenye pembe tatu, Trioceros deremensis, anaweza kupitwa na kundi zima la watu. Usiku hulala kwenye ncha ya tawi akiwa amepauka, na mwanga wa tochi humdhihirisha tangu mbali. Katika picha ya dume iliyobandikwa ukumbini, tone la mvua linaning'inia kwenye pembe ya kati, macho yamefumbwa, na mkia umejiviringa. Aliyeipiga alisubiri upepo utulie wala hakulishika tawi. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha kazi yetu, na nasikitika kusema kwamba tumeona pia picha za vinyonga waliobanduliwa matawini na kupangwa juu ya ua ili wapendeze.

Jambo zito zaidi ni biashara ya wanyama hai. Vinyonga wadogo wa sakafu ya msitu, wa jenasi Rhampholeon na Rieppeleon, waliingizwa katika Kiambatisho cha II (orodha ya viumbe wanaouzwa nje kwa kibali tu) cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwenye mkutano wa Johannesburg mwaka 2016, kwa kuwa walikuwa wakiuzwa nje kama wanyama wa kufugwa. Kinyonga wa aina hii, mwenye rangi ya jani kavu na mistari kama mishipa ya jani, haoni sababu ya kukimbia, na anayejua alipo humwokota tu. Simu zetu, na baadhi ya kamera, huandika mahali picha ilipopigwa ndani ya faili lenyewe; anayelipata faili hilo amepata ramani.

Kwa hiyo Kamati inapendekeza kwamba taarifa za mahali ziondolewe kabla picha haijatoka mikononi mwa mwanachama, na kwamba picha ya mnyama aliyehamishwa isipokelewe katika maonyesho yetu. Naomba mapendekezo haya yajadiliwe na kupigiwa kura katika kikao hiki, ili yaanze kutumika kabla ya masika yajayo.

Mwenyekiti