Git isiwaulize nywila kila mara

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi pale Nyamagana nilimwona mwenzetu akibandika tokeni (msimbo wa siri unaotumika badala ya nywila) mara sita ndani ya saa moja, kila akipandisha kazi mtandaoni, Git (programu ya kutunza matoleo ya kazi) inadai nywila. Iliniuma, maana muda wetu wenyewe mchache.

Tengenezeni ufunguo wa SSH, yaani njia salama ya kujitambulisha bila nywila, kwa kuandika amri hii kwenye terminali: `ssh-keygen -t ed25519`. Yanatoka mafaili mawili. Lenye `.pub` ndilo mnalobandika kwenye akaunti yenu ya GitHub, tovuti ya kuhifadhi kazi za Git. Lile jingine ni siri yako. Usilitume humu, hata mimi usinipe, tafadhali sana.

Kisha, ndani ya folda ya mradi, andikeni `git remote set-url origin` na anwani ya mradi huo kwenye GitHub inayoanza na `git@`, badala ya ile ya https. Hatua hii wengi huisahau, wakadhani ufunguo umegoma.

Mkikwama njooni mapema Jumamosi, saa tatu nitakuwepo.