Mchezo wa treni ya dunia nyingi: ratiba iandikwe kabla ya sheria

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na wale wanaoanzisha, au wanaotamani kuanzisha, mchezo wa kuigiza kwa maandishi ndani ya treni inayoruka kutoka dunia moja kwenda nyingine. Kwa asiyeujua: kila mchezaji ana mhusika wake, mara nyingi aliyetoka katika hadithi inayojulikana, anaandika anachosema na anachofanya mhusika huyo, mwenzake anajibu, na kisa kinajengeka zamu kwa zamu. Msomaji aliyewahi kufuatilia malumbano ya washairi gazetini, huyu akitupa beti na yule akizijibu kwa vina vilevile toleo lijalo, anaujua mchezo huu kwa jina lingine. Tofauti ni kwamba hapa walumbi wote wamo katika treni moja, na kila baada ya wiki mbili nje ya dirisha kuna dunia mpya.

Sheria nyingi zinazosambazwa kwenye magrupu huanza na matusi marufuku, heshima kwa admini, usiposti matangazo. Sawa, yawepo. Lakini si hayo yanayoua mchezo. Kinachoua ni muda: huyu yuko dunia ya tatu, yule bado ya pili, na wawili wanasubiri jibu la mtu aliyeishiwa bando tangu Jumatatu. Treni ina faida moja ambayo kasri, shule au kisiwa hakina, nayo ni kwamba inaondoka yenyewe. Kwa hiyo iandikeni ratiba kwanza, na sheria nyingine zifuate nyuma yake kama mabehewa.

Mzunguko unaofaa ni wa siku 14: siku ya 1 hadi ya 7 treni iko stesheni, siku ya 8 hadi ya 14 iko njiani. Siku ya mchezo iwe sawa na siku ya kalenda, maana mahesabu ya "siku moja yetu ni tatu zao" hakuna anayeyakumbuka. Stesheni ya siku 3 inamwacha nje mwenye zamu za kazi. Stesheni ya wiki tatu nayo inawafanya abiria wapange nyumba, wafungue genge la nyanya, na treni ibaki pambo. Siku za njiani zisidharauliwe. Ndipo vidonda vinapofungwa, ndipo wanapogombana kwa yaliyotokea stesheni, na ndipo abiria wapya wanapopanda. Mgeni asipandie stesheni, kwani atamkuta kila mtu katikati ya tukio na hatapata wa kumkaribisha. Fomu zipokelewe siku ya 8 hadi ya 10, majibu yatoke siku ya 11, na mgeni azindukie kitandani mwake siku ya 12.

Kisha saa. Tangazo la "treni inaondoka saa 2" ni mtego. Wa Dar es Salaam anasikia saa mbili usiku, lakini mwenzake aliyekulia Muscat au London anaweza kusoma 2:00 ya saa za kimataifa, ambayo kwetu ni saa nane. Andikeni zote mbili, "saa 2:00 usiku (20:00), saa za Afrika Mashariki", na mkumbuke kuwa Bujumbura, Kigali na Lubumbashi wako nyuma yetu kwa saa moja, Muscat iko mbele kwa saa moja, na London iko nyuma kwa saa mbili au tatu kutegemea majira.

Kuhusu kuondoka kwenyewe, kanuni ni moja: treni haimsubiri mtu na haimwachi mtu. Honi ya tatu ikilia, kila abiria, awe sokoni au gerezani, anajikuta kitandani mwake. Bila kanuni hii mchezaji mmoja aliyetoweka anawashika wenzake kumi, kwa sababu wahusika wema hawatakubali kuondoka bila yeye. Ila kurudishwa kwa nguvu kuwe na gharama: anaacha nyuma kila alichobeba na analala siku nzima. Pasipo gharama hakuna atakayekimbia kuelekea stesheni, na zile mbio za dakika za mwisho ndizo nusu ya utamu. Kifo kiende vivyo hivyo. Aliyekufa azinduke siku ya 10 akiwa amepungukiwa kitu, labda ladha ya chakula au jina la mama yake, na kitu hicho akichague mchezaji mwenyewe. Admini asimchagulie.

Jambo la kwanza ambalo abiria hujaribu, karibu wote, ni kufungua mlango wa kichwa cha treni. Andikeni mapema kwamba haufunguki, haulipuki na hautoboki kwa uchawi. Si kwamba siri ya dereva ni tamu kiasi hicho. Anayeishika treni ameishika ratiba, na mwenye ratiba ameshika mchezo wa watu wote.

Mizigo nayo inataka daftari. Kila abiria achukue kitu kimoja tu kwa kila stesheni, kinachoingia chini ya kitanda, kiandikwe pamoja na tarehe na dunia kilikotoka. Pasipo daftari, kufikia stesheni ya nne mtakuta joka behewa la chakula, bunduki zisizojulikana za nani, na chupa ya dawa inayoponya kila kitu. Hiyo dawa ni mbaya kuliko joka, kwa sababu jeraha likishapona kwa tone moja hakuna tena sababu ya mtu kumuuguza mwenzake. Kuhusu vyumba hatuna mengi: kwenye treni za TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, daraja la kwanza ni vitanda vinne kwa chumba na la pili ni sita. Chukueni vinne. Sita wakikutana usiku katika mazungumzo ya maandishi hakuna anayemsikia mwingine.

Fomu ya maombi iulize mambo matano: mhusika ni nani, ametokea dunia gani, alichukuliwa wakati gani wa kisa chake, anaweza nini, na nini kinamshinda. Hilo la wakati ndilo linalorukwa, nalo ndilo lenye uzito. Chukua Fumo Liongo, shujaa na mshairi wa hadithi za Waswahili. Je, amepandia treni kabla ya kufungwa? Au usiku ule wa ngoma ya gungu, tupa iliyofichwa ndani ya mkate iko mkononi na minyororo bado haijakatika? Au baada ya kuchomwa sindano na mwanawe? Hao ni abiria watatu tofauti. Wa kwanza anamwamini kila mtu, wa pili anafika akiwa na pingu na hasira, wa tatu hatalala chumba kimoja na kijana yeyote. Na kwenye "nini kinamshinda" iandikwe wazi: sindano ya shaba, kitovuni. Mchezaji anayejaza nguvu mistari kumi na udhaifu "hana" arudishiwe fomu. Wawili wakimtaka mhusika mmoja, aliyetangulia kuweka nafasi ana siku 7 za kuleta fomu, zikipita nafasi inafunguka.

Sasa tuseme jambo ambalo sheria zilizotoholewa kutoka lugha nyingine haziwezi kulisema, kwa sababu ni la Kiswahili chenyewe. Kosa kubwa kuliko yote katika mchezo huu ni kumwamulia mwenzako mhusika wake: umempiga, na umeshaamua kaanguka. Kiambishi -ka- kinalirahisisha kosa hili mno. Ukiandika "Akamsukuma, akaanguka, akalia," umefunga matendo matatu, mawili si yako, na mwenzako hana la kujibu. Isitoshe, "akaanguka" nani? Kiambishi a- hakisemi. Kwa hiyo wekeni kanuni mbili. Tendo linalomgusa mhusika wa mwingine liandikwe kwa -na- na liachwe wazi: "Liongo ananyoosha mkono kumsukuma." Na kila posti itaje jina la mtendaji angalau mara moja. -ka- kibaki kwa yale mhusika anayojifanyia mwenyewe: akaketi, akavua viatu, akanywa chai. Mchezaji mpya hujifunza haya kwa siku mbili, na ugomvi mwingi hauzaliwi kabisa.

Kosa la pili ni mhusika kujua kile ambacho ni mchezaji tu amekisoma. Siri imesemwa behewa la kulala, na mpishi aliye behewa la chakula anaijua asubuhi. Dawa yake ni kuweka kichwa cha habari juu ya kila tukio: mahali, siku ya mzunguko, waliopo. "Behewa la 3, siku ya 9 usiku, Liongo na mpishi." Asiyetajwa hakusikia. Maneno ya mchezaji mwenyewe, yasiyo ya mhusika, yakae ndani ya mabano mawili mawili au kwenye grupu la pembeni.

Tukio moja lisizidi watu wanne. Asiyejibu ndani ya saa 48 anarukwa, bila lawama. Posti isiwe chini ya sentensi tatu, na ikiwa mnacheza WhatsApp isiwe gazeti zima, kwani ujumbe mrefu hukatwa na wengi hawabonyezi kusoma zaidi. Mahudhurio yasihesabiwe kwa idadi ya jumbe, maana mtu ataandika "ndiyo" mara ishirini. Hesabuni matukio: kwa kila siku 14, mhusika awe na matukio mawili, na watu wawili tofauti, majibu yasiyopungua matano kila moja. Kigezo cha watu wawili tofauti kinawalenga marafiki wanaojifungia chumbani na kucheza wao kwa wao mpaka treni inakufa nje ya mlango. Mwenye mitihani au msiba aombe ruhusa ya hadi siku 28, mhusika wake anakuwa "amelala". Aliyeacha kabisa, mhusika wake ameshuka usiku, hajafa, na nafasi yake inashikiliwa siku 30.

Kabla ya kuingia, kila mmoja ajaze ruhusa zake: mhusika anaweza kujeruhiwa? Kusomwa mawazo? Kulogwa? Kutongozwa? Majibu ni ndiyo, hapana, au niulize kwanza. Msoma mawazo asiye na orodha hii atamaliza siri za treni nzima kwa jioni moja. Yapo pia mambo ya kushushiwa pazia, yaani yanatajwa kwamba yametokea, hayaandikwi: mateso, chumba cha wapendanao. Neno "pazia" likiandikwa na yeyote, tukio linaruka hadi asubuhi na hakuna anayeuliza sababu. Wachezaji wasiotimiza miaka 18 wawe na treni yao, si behewa lao. Manabii wasiwe abiria, wala viongozi walio hai. Ubishi utakaozuka hauna uhusiano wowote na mchezo, na hapa Tanzania ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ambayo haiulizi kama ulikuwa unaigiza.

Mahali pa kuchezea: WhatsApp inawafikia wengi, lakini kwa kawaida namba yako ya simu inaonekana na kila aliye kwenye grupu, na matukio matano yakienda pamoja yanakorogana. Telegram inakuruhusu kuficha namba na kugawa grupu katika mada, kila behewa mada yake. Pia, mkitaka bahati iamue jambo, ukituma emoji ya dadu peke yake, namba inachaguliwa na mtambo, si na wewe. Dadu iliyofowadiwa isikubaliwe.

Dunia ya kila stesheni iandikwe kwenye ukurasa mmoja na itolewe siku 3 kabla ya kufika: kinachoonekana mlango ukifunguka, jambo moja lililo tofauti na kwetu, hatari moja, na kazi tatu kwa wasiopigana. Hizi tatu ndizo husahaulika. Dunia ya vita tupu inawafaa mashujaa wanne, na mpishi, mganga na karani wanabaki kuchungulia dirishani. Mfano wa dunia inayofaa wote: mji ambao bei hulipwa kwa kumbukumbu. Mkate ni kumbukumbu ndogo, farasi ni kubwa, na kilicholipwa kinafutwa kwenye fomu ya mhusika mpaka kinunuliwe tena. Hapo hata mtu mpole ana la kupoteza.

Wasimamizi wawe watatu ili kura isifungane: wa fomu, wa ratiba na dunia, wa malalamiko. Lalamiko linalomhusu mmoja wao liamuliwe na wawili waliobaki. Kondakta anayetangaza stesheni aandikwe nao kwa zamu, asiwe na jina, asipendwe na mtu, asishinde pambano lolote. Mhusika binafsi wa msimamizi asipewe kamwe ufunguo wa fumbo la stesheni, hata kama ni yeye peke yake aliye macho saa hizo.

Anayeanza aanze na abiria 6 hadi 8 na stesheni mbili, siku 28. Kisha asimamishe treni wiki moja, asome daftari la mizigo na orodha ya mahudhurio, aone ni kanuni ipi haikutumika hata mara moja, aifute. Sheria zote zitoshe kurasa mbili, la sivyo hazitasomwa na mtu isipokuwa yule anayetafuta mwanya.

Wasimamizi wa michezo ya kuigiza kwa maandishi,
Tanga