Wanafunzi wa biashara wasome Owino Uhuru

Mhariri,

Nafundisha biashara katika chuo kimoja hapa Mombasa. Kila nikifika mada ya uwajibikaji wa kampuni kwa jamii, majibu ni yale yale: kampuni ipande miti, igawe vitabu, ipigwe picha ikikabidhi hundi. Siwalaumu wanafunzi, ndivyo tulivyowazoesha.

Somo lenyewe liko mwendo mfupi wa matatu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu za magari kupata madini ya risasi. Moshi na maji machafu vikawafikia watu majumbani. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua mtoto wake mwenyewe ana sumu ya risasi mwilini, akaanza kupigania wakazi. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na lawama iliangukia pia idara za serikali zilizopaswa kukagua. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Juu.

Naomba wanaoandaa mitaala waiweke hukumu hiyo darasani. Mwanafunzi wa uhasibu apige hesabu: kuzuia moshi ule kungegharimu kiasi gani, na gharama ya damu za watoto iliandikwa kwenye daftari la nani? Swali hilo liwe kwenye mtihani, tena la lazima.

Mwalimu wa biashara,
Mombasa