Spana haikutokana na upana wa nati

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja. Makala yenu ya juma lililopita kuhusu majina ya zana imenishinda kunyamazia. Eti "spana" linatokana na "span", neno la Kiingereza la upana, kwa kuwa kila spana ina upana wake, tena ni neno la gereji lisilofaa darasani.

Upana hauhusiki hata kidogo. Waingereza wenyewe walilipata kwa Wajerumani katika karne ya 17, kutoka "spannen", yaani kukaza, kuvuta kitu mpaka kikakamae. Spana ya mwanzo haikuwa ya nati, ilikuwa ya bunduki. Askari aliichomeka kwenye ekseli ya kigurudumu cha chuma, akazungusha kukaza springi. Akivuta kifyatulio, kigurudumu kinasugua jiwe, cheche zinawasha baruti. Jina likaja kuhamia kwenye chombo chetu. Wafaransa mpaka leo spana wanaiita ufunguo, na Wamarekani husema "wrench", neno la kale la kusokota.

Sasa sikia kilichoniuma. Mjukuu wangu yuko darasa la sita. Aliandika insha kuhusu gereji: "Babu alinituma spana namba 13." Mwalimu akalikata neno kwa wino mwekundu, pembeni akaandika, "Si Kiswahili." Mtoto alinifuata nikiwa nimelala chini ya gari, akaniuliza, "Babu, sasa tuiite nini?" Hiyo 13 ilikuwa mkononi mwangu na nilikosa jibu. Nimeshika spana miaka 31, nimefundisha vijana nayo, nimesomesha watoto kwayo, leo naambiwa jina lake si la lugha yangu! Mwalimu huyo kila asubuhi anakwenda shuleni, na "shule" tumelitoa kwa Wajerumani haohao. Hilo halikatwi. Linalokatwa ni la watu wenye mafuta mikononi. Na makala yenu imempa nguvu, maana wazazi wanaisoma wakidhani mmechunguza.

Tena hizo spana zenyewe siku hizi ni balaa. Juzi nimenunua moja imegongwa 13, nikaipima kwa kalipa, mdomo unakaribia 13 na nusu. Bolti ya milimita 8 kichwa chake ni 13 kamili. Ukiivuta tu inateleza, kingo zinalika, bolti inakuwa duara, unabaki na patasi na nyundo kwenye gari la mteja anayekusubiri. Hayo ndiyo ya kuandikia makala.

Naomba masahihisho yatoke ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule. Na kila wanapokaa watu kuamua majina ya zana, awepo fundi mmoja anayefanya kazi bado, si mstaafu wa ofisini. Mwandishi wako naye aende gereji yoyote Jumamosi saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali, afungue bolti za stata, ile mota ya kuwashia injini, kwa mikono yake. Asipojua namba ipi inaingia wapi, amwulize spana boi, yule kijana anayejifunza ufundi, atamwonyesha.

Fundi wa magari,
Tanga