Kilo Moja ya Korosho kwa Ajili ya Klatanlo

Tumsifu Yesu Kristo!

Wanajumuiya wote wa parokia yetu, na ninyi watoto wa hapa mlioko Dar, Maskati na kwingineko mnaosoma haya kwenye simu,

Leo ninawaomba mchango kwa ajili ya Klatanlo, kijiji kilichopigwa na volkano. Mnamkumbuka padre aliyetuhubiria mafungo ya Kwaresima. Mwembamba, mcheshi, ngeli za Kiswahili zinampiga chenga lakini nyimbo zetu anazijua kuliko baadhi ya wanakwaya (msinikasirikie). Siku ya kuagana, kina mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) walimletea sahani ya korosho. Akachukua moja, akaigeuzageuza, akasema, "Hii ya kwetu." Tukacheka tukidhani anatania.

Kumbe hatanii. Kwao ni Flores, kisiwa cha mashariki ya Indonesia, na ukanda ule wanalima korosho kama sisi huku Kusini. Wanalima pia mahindi, minazi na kakao. Mama yake mdogo aliolewa kijiji cha Klatanlo, tarafa ya Wulanggitang, wilaya ya Flores Mashariki. Ni kijiji ambacho hata Indonesia kwenyewe wengi walikuwa hawajakisikia. Jioni ile alitusimulia habari zake mpaka jenereta ikazimwa, na ndiyo maana leo ninawaandikia.

Watu wa huko ni Walamaholot. Mahindi hawayasagi tu. Mama huyakaanga kwenye chungu, huokota punje chache zingali za moto kwa vidole vitupu, huziweka juu ya jiwe na kuzigonga kwa jiwe jingine mpaka ziwe bapa kama karatasi. Wanaziita jagung titi, na mgeni haondoki bila kuzionja. Kanisa wanaliita gereja, neno la Wareno. Wareno haohao, wanasema wajuzi wa lugha, kwa neno lilelile sisi walituachia gereza. Kila mtu na bahati yake. Bendera ni bendera huku na huko.

Na harambee wanayo. Wanaiita gemohing: leo kijiji kizima kinalima shamba lako, kesho la jirani, na mwenye shamba anapika. Sisi tungesema msaragambo.

Juu ya kijiji kuna mlima wa volkano wenye vilele viwili, Lewotobi. Kimoja wanakiita Laki-laki, yaani mwanamume, chenye mita 1,584. Cha pili ni Perempuan, mwanamke, mita 1,703. Wenyeji huwahesabu kama mume na mke. Mke ndiye mrefu, na ndiye mtulivu: mara ya mwisho kulipuka ilikuwa 1935. Mume ndiye msumbufu. Alianza tena mwishoni mwa Desemba 2023, na Januari iliyofuata maelfu wakahamishwa. Kisha akapoa kidogo, watu wakarudi kwenye mashamba na nyumba zao. Nani kati yetu angekubali kuacha mikorosho yake miezi kumi kwa sababu mlima unakohoa?

Jumapili, Novemba 3, 2024, saa sita kasoro dakika tatu usiku kwa saa za kwao, Laki-laki alilipuka. Huku kwetu ilikuwa inakaribia saa moja jioni. Nadhani wengi wetu tulikuwa tunaota moto wa jiko. Umeme ulikatika, mvua ikashuka na radi. Katikati ya giza lile yalianguka mawe yanayowaka. Yalitoboa mapaa na kuchoma nyumba za mbao pamoja na vilivyokuwa ndani. Watu tisa walifariki. Mmoja wao alikuwa sista, mkuu wa nyumba ya watawa ya Hokeng, jirani na Klatanlo. Wavulana wa seminari ndogo ya hapo Hokeng walikimbizwa wakiwa wamejaa majivu. Ndugu zetu wa Goma, Kongo, walioikimbia volkano ya Nyiragongo Mei 2021, hawahitaji kuelezwa usiku wa namna hiyo.

Wiki iliyofuata dunia ikasikia, ila ilisikia kwa sababu ndege za Bali zilifutwa na watalii wakakwama. Zaidi ya watu elfu kumi waliokuwa wakilala madarasani na kwenye mahema hawakupata nafasi kubwa kwenye taarifa hizo. Padre hakulalamika kuhusu hilo. Ninalalamika mimi.

Mlima haujanyamaza. Juni 17, 2025 ulilipuka tena kwa nguvu, na Julai 7 wingu la majivu lilipanda kilomita 18. Mvua ikinyesha, majivu na mawe yaliyolundikana juu hushuka na makorongo. Klatanlo imo ndani ya eneo lililokatazwa, na serikali yao imeamua kwamba watu wa vijiji vya karibu na kilele hawatarudi kuishi pale. Wengi wamewekwa katika nyumba za muda huko Konga, tarafa ya Titehena.

Hapo ndipo penye uchungu kwa mkulima. Mkorosho haukupi kitu cha maana kabla ya mwaka wa tatu; mnalijua hilo kuliko mimi. Ugonjwa wa ubwiri unga ukishika maua tunalia msimu mzima, na salfa ndiyo dawa yetu. Wao salfa inawashukia kutoka mlimani bila kuombwa, pamoja na majivu, juu ya miti ambayo babu zao waliipanda na ambayo hawaruhusiwi tena kuisogelea.

Nilimwuliza padre wanahitaji nini. Nilitegemea aseme mchele. Akasema mchele umeletwa, mahema yameletwa, na wanashukuru. Kinachokosekana ni pa kuanzia: miche, majembe, mapanga, na nyuzi za kina mama wanaofuma vitenge vyao kwa mkono, maana mitambo yao ya kufumia iliungua na nyumba.

Kwenye kikao cha Halmashauri ya Walei mzee mmoja alisimama. "Paa la sakristia linavuja, nanyi mnataka kupeleka hela Indonesia?" Ni swali la haki, na sitaki lizungukwe. Paa linavuja kweli, na mchango wake unaendelea kwenye bahasha za kijani kama kawaida. Lakini watu wa kisiwa kile, maskini kama sisi, wamekuwa wakiwatoa watoto wao mapadre na masista waje kuhudumu Kenya na Tanzania, wala hawakungoja kwanza mapaa yao yaache kuvuja. Mzee alikaa akafikiri, kisha akaahidi gunia moja. Ndiye wa kwanza kwenye daftari.

Lengo letu ni shilingi 5,000,000. Fedha zitakwenda kwa njia ya shirika la kitawa la padre wetu, na risiti itasomwa kanisani na kubandikwa mlangoni. Mwenye fedha taslimu alete, mwenye ahadi aandike na tarehe ya kuitimiza. Mlio mbali, namba ya malipo mtaipata kwa mwenyekiti wa jumuiya yenu ya nyumbani. Msitume kwa namba nyingine yoyote hata ikija na jina la parokia.

Lakini msimu umeanza, na wengi tuna korosho kabla hatujawa na hela. Kwa hiyo tunaomba kila kaya kilo moja. Anayeweza zaidi, Mungu ambariki. Asiye na korosho alete kuku, mayai, mhogo au mkungu wa ndizi kwa ajili ya mnada. Tutafanya Jumapili ya Novemba 2, Siku ya Marehemu Wote, siku moja kabla haujatimia mwaka tangu usiku ule. Misa ya pili tutawaombea marehemu wa Klatanlo na Hokeng pamoja na wa kwetu, kisha mnada utaanza chini ya mwembe. WAWATA wamesema watajaribu kutengeneza jagung titi. Mawe wamepata, wa kuokota punje za moto kwa vidole bado wanatafutwa.

Korosho zinapokelewa ukumbini kuanzia Ijumaa saa tisa alasiri. Ziwe kavu. Mizani ni ya parokia, na ambaye haiamini aje na ya kwake.

Katibu,
Halmashauri ya Walei