Samaki wa chumvi katika msafara wa mfalme

Mpendwa Hamadi,

Salamu nyingi. Huku sote hatujambo, watoto wanakuamkia.

Unauliza dola ya Qin, iliyozimeza falme sita za China kati ya mwaka 230 na 221 KK, ilibomokaje ndani ya miaka 15 tu. Wewe unasema ni ukali wa sheria. Nakukubalia nusu.

Maana ukali ndio uliowainua. Katika karne ya nne KK Qin ilikuwa ufalme wa pembezoni, magharibi huko, wenzao wakiuona wa washenzi. Akaja waziri Shang Yang, akazifunga kaya tano tano na kumi kumi: mmoja akikosa na jirani akanyamaza, jirani naye anaadhibiwa. Askari akawa anapandishwa cheo kwa vichwa vya maadui alivyokata, si kwa ukoo wake. Mtoto wa mkulima akapata sababu ya kupigana. Shang Yang mwenyewe aliraruliwa kwa magari ya farasi mwaka 338 KK, lakini sheria zake hawakuzitupa. Zilidumu zaidi ya karne nzima, na Qin ikazidi kunenepa.

Mfalme wa kwanza wa China yote, Qin Shi Huang, umemsoma: mwandiko mmoja, mizani moja, vitabu kuchomwa moto mwaka 213 KK. Hayo tuyapite.

Kwangu mimi mambo yaliharibika mwaka 210 KK, alipofia safarini, mahali paitwapo Shaqiu. Towashi Zhao Gao na waziri mkuu Li Si wakaficha kifo. Chakula kikaendelea kupelekwa kwenye gari lake kama kawaida, na watu wakaja kutoa taarifa zao mbele ya maiti. Joto lilipozidi, wakaamuru msafara upakiwe samaki wa chumvi, ili harufu moja ifunike nyingine. Wewe mtu wa pwani, hebu ivute pumzi hiyo! Kisha wakaghushi barua ya kumwamuru mwana mkubwa, Fusu, ajiue. Akatii. Mdogo wake, Huhai, akakalia kiti.

Utawala ulioanza hivyo usingeweza kuvumilia ukweli. Mwaka 209 KK watu 900 waliokuwa wakipelekwa kulinda mpaka walikwamishwa na mvua. Mwanahistoria Sima Qian anasema kuchelewa kulikuwa kifo, ndipo wawili miongoni mwao, Chen Sheng na Wu Guang, wakaongoza uasi. Lakini vipande vya mianzi vyenye sheria za Qin, vilivyofukuliwa Shuihudi mwaka 1975, vinasema aliyechelewa kazi ya lazima siku sita hadi kumi alitozwa faini ya ngao moja, na mvua ikizuia, kazi inafutwa. Sawa, ya askari huenda yalikuwa mengine. Hata hivyo ndiyo maana sipendi sheria zibebeshwe lawama zote.

Mjumbe aliyeleta habari za uasi ule Huhai alimkasirikia, akamtia mikononi mwa maofisa. Waliofuata wakashika adabu: ni majambazi tu, mtukufu, wanakamatwa. Huhai akafurahi! Li Si aliuawa mwaka 208 KK, na mwaka uliofuata Zhao Gao akaleta paa barazani, akasema ni farasi. Wengine wakanyamaza, wengine wakaitikia farasi. Waliosema paa akawashughulikia. Nchi inaungua, baraza linabishana juu ya mnyama anayeonekana kwa macho.

Zhao Gao akamlazimisha Huhai ajiue, kisha Zhao Gao mwenyewe akauawa na Ziying, mrithi wa Huhai, aliyetawala siku 46 kabla ya kujisalimisha kwa Liu Bang, kiongozi mmoja wa waasi. Xiang Yu, kiongozi mwingine wa waasi, akaja nyuma yao, akachoma majumba ya Xianyang, mji mkuu wa Qin.

Kuna mtu mmoja nampenda katika vurugu hiyo: Xiao He, mtu wa Liu Bang. Wenzake walipokimbilia dhahabu na hariri za Xianyang, yeye aliingia ofisini akabeba ramani, daftari za watu na nakala za sheria za Qin. Ndizo Liu Bang alizozitumia kujua ngome ziko wapi na watu ni wangapi, hadi alipoanzisha utawala wa Han mwaka 202 KK. Sasa niambie, kama sheria ndizo zilizoua, huyu alizibeba za nini?

Nijibu upesi. Msalimie shemeji.

Nduguyo,
Bakari